Nauli ya Kurudi Ilipwe Kwanza

Kila mwaka, mnada wa kwanza wa korosho ukishapita, hapa Masasi huzuka walimu ambao hakuna chuo kilichowafundisha. Utawakuta stendi, utawakuta kwenye kijiwe cha kahawa, wamekunja nne, miwani meusi machoni saa kumi na mbili za jioni. Hao ndio mabingwa wa kasino. Mmoja alikwenda Dar es Salaam mara mbili, wa pili mara moja, na wa tatu, kwa ninavyomjua mimi, hakuvuka hata Kibiti. Lakini wote wanatoa darasa. Ukienda kasino vaa viatu vinavyong'aa. Usikae kwenye mashine iliyotema jana. Ukiliwa, ongeza dau mara mbili. Ukishinda usiondoke, bahati ina wivu. Na vijana wa Newala, wa Kitangari, wa Lulindi, wa Chiungutwa, ambao akaunti zao benki ndiyo kwanza zimenona, wanasikiliza midomo wazi kama vifaranga.

Ndugu msomaji, nimechoka kunyamaza. Huyu mtu wa miwani lazima ajibiwe, na kama wazee wanaona haya kumjibu, basi nitamjibu mimi niliyemaliza kidato cha nne juzi juzi na sina cheo. Nami nitatoa ushauri wa safari, maana kumwambia kijana mwenye hela "usiende" ni sawa na kumwambia mbuzi asiingie kwenye mihogo. Atakwenda. Basi aende akijua anakokwenda.

Safari yenyewe siku hizi ni rahisi mno. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar kwa barabara kulikuwa ni kusubiri pantoni pale Ndundu, mtoni Rufiji, na masika basi lililala kwenye tope, abiria wakashuka kulisukuma. Mtu alifika mjini keshajiuliza mara kumi anafuata nini. Leo unapanda alfajiri, unakula kilomita zipatazo 600, na jioni uko Mbagala Rangi Tatu pesa ikiwa bado ya moto. Silaumu daraja, jamani. Nasema tu kwamba zamani umbali ulikuwa kama mjomba anayekushika mkono. Sasa hakuna wa kukushika.

Haya, umefika. Mabingwa wetu wamekueleza uvae nini, lakini hakuna hata mmoja aliyekueleza kasino inakula nini. Wao wanadhani inaishi kwa mikosi ya wachezaji. La hasha! Inaishi kwa unyaufu.

Neno hili mkulima wa korosho hahitaji kamusi. Unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, halafu unaambiwa umepungua uzito kwa kukauka. Kilo hapa, kilo pale. Tumeugombania unyaufu huo mikutanoni mpaka watu wakashikana mashati. Sasa itazame meza ya ruleti. Kuna gurudumu lenye vijumba 37, kuanzia sifuri mpaka 36. Kijipira kinarushwa, kinazunguka, kinatua kwenye kijumba kimoja. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye namba yako na namba ikaja, unalipwa 35,000 na ile elfu yako inarudi, jumla 36,000. Inapendeza, au siyo? Sasa jifanye mjanja kuliko wote, weka elfu moja moja kwenye vijumba vyote 37. Hapo huwezi kukosa. Umetoa 37,000, umepokea 36,000. Umeshinda na umepunjwa kwa wakati mmoja.

Hiyo elfu iliyobaki ndiyo unyaufu wa kasino, karibu asilimia 2.7. Nao haukatwi mara moja kwa msimu kama wa ghalani. Unakatwa kila kijipira kinapotua, usiku kucha, siku saba za juma. Chukua pesa za watu wote walioizunguka meza ile, zihesabu kama fungu moja. Zikizungushwa zote mara 25, kwa wastani inabaki nusu yake. Hakuna aliyeiba. Hakuna sumaku chini ya meza wala jini la Kibaharia. Ni hesabu tu, na wala si ya kidato cha sita. Magurudumu ya Kimarekani ndiyo balaa zaidi, yana sifuri mbili, na unyaufu wake unapita asilimia 5. Kwa hiyo yule anayemkunjia ngumi karani wa chama kwa ajili ya kilo moja, mjini anaikabidhi meza gunia zima bila hata kuuliza mizani iko wapi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Sisi si wajinga wa kuhesabu. Tunajua kuhesabu sana, ila ushamba tuliosingiziwa unatufanya tuone aibu kuhesabu mbele ya watu waliovaa tai.

Na ule ushauri wa kuongeza dau mara mbili kila unapoliwa, eti mwishowe lazima urudishe chako? Hebu tuupeleke shambani. Anza na 1,000. Ukiliwa weka 2,000, kisha 4,000, kisha 8,000. Ukiliwa mara kumi mfululizo, jambo ambalo hutokea, umeshatoa 1,023,000, na ili uendelee unatakiwa uweke 1,024,000 nyingine. Ukishinda hiyo, faida yako yote ni shilingi elfu moja. Bei ikiwa 2,000 kwa kilo, umeweka rehani zaidi ya tani moja ya korosho ili upate nusu kilo. Tena meza zina kiwango cha juu cha dau, kwa hiyo pengine hutaruhusiwa kuliweka hilo la mwisho. Bingwa wa miwani hakukwambia hilo, kwa sababu yeye hakuwahi kuwa na milioni ya kumfikisha huko.

Kuhusu mashine, hata huhitaji kwenda Dar kuona. Dubwi lipo hapa hapa, pembeni ya duka, linameza sarafu za mia mbili za watoto wanaotumwa chumvi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ilileta Bodi ya kusimamia mambo haya, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Nendeni mkaone ni nani anayekalia kreti mbele ya dubwi saa za masomo. Sasa bingwa anasema mashine ambayo haijatema muda mrefu "imeiva". Imeiva nini, embe? Mashine haina kumbukumbu. Kila unapobonyeza, namba zinachanganywa upya kama vile hakuna aliyewahi kubonyeza tangu dunia iumbwe. Iliyotema dakika hii inaweza kutema tena, na iliyonyima tangu asubuhi inaweza kunyima mpaka Krismasi. Mashine haikudai na haikuhurumii.

Kuna mambo mengine madogo ambayo mgeni ayajue. Ndani usitegemee kuona saa ukutani wala dirisha la kukuonyesha kwamba kumekucha. Vaa saa yako mkononi, na uiangalie. Usitegemee kuona noti juu ya meza. Pesa yako inageuzwa vidude vya plastiki vyenye rangi, eti chipsi, ila hizi hazina yai wala kachumbari. Noti ya elfu kumi mkulima akiishika anaiona miti iliyozaa hiyo noti. Kidude cha plastiki hakina mti. Ndiyo maana nasema kila unapokisukuma kitaje kwa jina lake halisi, kimoyomoyo: hili gunia, hili debe, hii ada ya mdogo wangu. Kinywaji ukiletewa na mtu mwenye tabasamu, jiulize ni lini mara ya mwisho mfanyabiashara alikupa kitu cha bure naye akanona.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikwenda. Msimu huo bei ilikuwa elfu mbili na ushee. Aliuza korosho zake na za mama yake kwa jina moja, jambo la kawaida kwetu, kwa hiyo hela iliyoingia kwenye akaunti yake haikuwa yake yote. Alikaa mjini siku nne. Siku ya kwanza alishinda laki tatu na nusu, akatupigia simu, tukasikia muziki nyuma yake, akamwahidi mjomba bati ishirini na tano. Ninaomba mabingwa wa kijiwe waizingatie siku hiyo ya kwanza, kwa kuwa ndiyo wanayoisimulia wao. Siku ya pili hakupiga. Ya tatu hakupokea. Ya nne ilikuja simu kwa namba ya mtu asiyemjua, anaomba nauli. Shangazi, yaani mke wa mjomba, aliuza kuku wanne na mtungi, nauli ikatumwa. Alipofika hakuna aliyemgombeza. Mjomba alimuuliza tu, "Umekula?" Basi. Mpaka leo nyumba ina nyasi, na mama yake akipita nje ya ghala la chama anageuza uso.

Sasa nijibu wenzangu wanaoniambia, "Wewe unajifanya msomi, kwani kilimo chenyewe si kamari?" Hoja hii ina uzito na sitaikimbia. Ni kweli. Mwaka 2017 bei ilipanda mpaka ikakaribia 4,000 kwa kilo, watu wakajenga. Mwaka uliofuata wanunuzi wakaja na bei ya kutukana, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Halafu ukaja uhakiki, na kuna waliongoja malipo mpaka wakasahau walikuwa wanadai kiasi gani. Mkulima aliyepita humo akiambiwa kuna jumba ambalo unajua matokeo yako ndani ya dakika moja, utamshangaa akitamani? Mimi simshangai. Kusubiri mnada, kusubiri bei, kusubiri benki, wakati huo huo kangomba anakuja usiku na bakuli lake kununua kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto anaumwa. Hayo yote yanamzoesha mtu kuamini kwamba maisha ni kijipira kinachozunguka.

Lakini tofauti ipo. Bei ikianguka, mkorosho unabaki umesimama. Mwakani utachanua tena hata kama umenuniwa na dunia nzima. Ubwiri unga unapuliziwa salfa, mvua mbaya inapita, na kangomba unaweza kumfukuza. Ile sifuri ya kwenye gurudumu hakuna salfa yake. Ukitaka kupigana na bahati mbaya, pigana mahali ambapo kuna kitu cha kushika: kwenye mkutano wa chama, kwenye mizani, kwenye swali la kwa nini malipo yamechelewa. Hasira ya mkulima inayomalizikia mezani ni hasira iliyoibwa.

Na watu wa mjini nao wapunguze kicheko. Mnapenda sana ile hadithi ya mkulima wa korosho aliyempa mbuzi wake bia kwa sababu pesa zilimzidi. Kila msimu mnaisimulia upya, mara ni mbuzi, mara ni kuku kanyweshwa soda. Hakuna anayesimulia jinsi mtu huyo huyo alivyovuliwa mpaka mkanda katika majumba yenu yenye taa. Pale Upanga limewahi kuwepo kasino lililoitwa Las Vegas, nasi huku tukalitamka jina hilo kama watu wanaotaja Makka.

Basi tuitazame hiyo Las Vegas yenyewe. Jimbo la Nevada, Marekani, lilihalalisha kamari mwaka 1931, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na mwaka huo huo karibu na hapo likaanza kujengwa bwawa kubwa la Hoover. Maelfu ya vibarua walikuwa wanalipwa ujira pale, na Las Vegas iko jirani, milango wazi. Serikali ya Marekani ilifanya nini? Iliwajengea vibarua wake mji mwingine kabisa, Boulder City, na humo ikapiga kamari marufuku. Marufuku hiyo ipo hadi leo, katika jimbo lile lile la kamari! Nenda Monaco, kwenye kasino maarufu ya Monte Carlo: wageni karibuni, lakini raia wa Monaco mwenyewe sheria inamkataza kucheza. Afrika Kusini ya makaburu ilikataza kasino kwenye ardhi iliyojitengea, kisha mwaka 1979 Sun City ikafunguliwa ndani ya Bophuthatswana, kwenye kipande walichokiita nchi ya Weusi, makaburu wakawa wanakwenda huko kufanya yale waliyokataza kwao. Wenye akili zao wanajua mahali pa kuweka kitu hiki: mbali na pesa ya nyumbani. Sisi tumekiweka mwisho wa njia ya basi la korosho, tunakata kodi, na tunaita burudani.

Kusini hii imeshawaona wacheza kamari wakubwa kuliko mtu yeyote wa miwani. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Nachingwea, na Kongwa, na Urambo, na mpango wao wa karanga. Hawakupima vya kutosha ardhi wala mvua. Walileta matrekta, wakalaza reli kutoka pwani, wakaweka dau juu ya dau. Mwaka 1951 waliutupa mpango, pauni zaidi ya milioni 35 zimekwisha, na baadaye reli ikang'olewa. Hata hivyo hakuna aliyepiga simu kuomba nauli. Mchezaji mwenye serikali nyuma yake akiliwa anaandika ripoti. Mchezaji wa Newala akiliwa, mdogo wake anabaki nyumbani shule zikifunguliwa.

Jambo moja nimalize na mabingwa, maana wamenichokoza. Wananiambia riwaya ninayoiandika nayo ni kamari ya karatasi. Ni kweli mswada wangu umelala kwa mchapishaji mmoja miaka miwili bila jibu, wala sijui kama wameufungua au wamefungia maandazi. Lakini mabingwa hao wakitaka habari za waandishi na kamari, wamsikie Dostoyevsky, Mrusi, aliyekuwa mgonjwa wa ruleti hasa. Mwaka 1865 madeni yalimbana akatia sahihi mkataba wa kishetani: asipomaliza riwaya kwa tarehe iliyotajwa, mchapishaji angechapa kazi zake miaka tisa bila kumlipa. Aliisimulia riwaya nzima kwa siku 26, binti mmoja akiiandika kwa hati mkato. Riwaya ilihusu nini? Mcheza kamari. Kilichomwokoa ni zile kurasa na yule binti, ambaye baadaye alimuoa. Meza haikumpa kitu, na aliendelea kuliwa miaka kadhaa baada ya hapo.

Sasa wewe unayekwenda, sikiliza. Kabla ya kupanda basi lipa ada, lipa deni la pembejeo, mpe mama chake mkononi mbele ya shahidi. Kadi ya benki iache kwa mtu anayekupenda lakini asiyekuogopa. Chukua kiasi ambacho ukiambiwa kimeanguka mtoni Rufiji utasikitika siku moja tu, na hicho kiite bei ya tiketi ya kutazama, kama vile umeingia mpirani; hakuna anayetoka uwanjani akidai kiingilio chake kirudishwe. Kula kwanza, ushibe. Uliza dau la chini la meza kabla ya kukaa, na kama ni kubwa simama, hakuna atakayecheka, na akicheka humjui. Usimkopeshe mtu ndani, usikope. Ukiwa umeshinda kitu chochote kabla ya saa uliyojiwekea, badilisha plastiki iwe noti na utoke mlangoni ukiwa nazo. Usimpigie mtu simu kuahidi bati. Wa miwani akitaka kukusindikiza, ajilipie nauli.

Na tiketi ya kurudi Masasi ikate Mbagala siku ile ile unayofika, uiache kwa ndugu uliyefikia kwake. Usitembee nayo. Binamu yangu alikuwa nayo mfukoni, akaiuza nusu bei saa tisa ya usiku.